Dereva Aliyedhaminiwa na Mama Mkwe Asiyesemezana Naye

LAREDO, TEXAS. Saa kumi na mbili na robo asubuhi, jua bado halijavuka mapaa ya maghala, lakini joto limeshaanza kazi. Eneida Cantú, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na tisa, nywele kazifunga kwa kitambaa cha bluu, analizunguka tela lake kwa mara ya tatu. Anagonga tairi kwa nyundo ya mpira, anasikiliza mlio wake, anasogea kwenye tairi jingine.

Nyuma ya tela, wapakiaji wawili wanaingiza makreti ya vipuri vya viyoyozi. Eneida akimaliza matairi anakwenda kusimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Dada, nenda kanywe kahawa. Tukimaliza tutakuita," anamwambia mmoja wao.

"Kahawa nimeshakunywa. We pakia tu, baba. Fanya kama sipo."

"Usingekuwepo tungeshamaliza zamani!"

Wanacheka wote watatu, ila Eneida hasogei hata hatua moja. Mlango unapofungwa na sili ya chuma kutiwa, anaisoma namba yake kwa sauti, anaipiga picha, anaisoma tena. Ndipo anaposaini.

"Zamani nilikuwa nasaini tu naondoka," anasema akipanda ngazi ya lori. "Madereva wengi hapa ndivyo tunavyofanya. Ghala likishafunga mzigo, mzigo si wako. Wewe ni farasi tu, unavuta."

Hii ni wiki yake ya tano tangu arudi barabarani. Kabla ya hapo alikaa siku sita rumande, kisha siku sitini na moja bila kuvuka uzio wa nyumba ya mwanamke ambaye walikuwa hawajasemezana kwa miaka sita.

Yalianza asubuhi ya Jumanne moja mwezi Februari, Eneida akiwa dukani anachagua nyanya. Ilikuwa siku yake ya mapumziko. Simu ikaita. Alikuwa mpanga safari wa kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi: dereva mmoja amepiga simu kusema anaumwa, na kuna tela lililokwisha kufungwa tangu Jumamosi linatakiwa San Antonio kabla ya saa nane mchana. Je, anaweza?

"Nikafikiri, dola mia tatu za safari fupi, kwa nini nisiende? Nikaziacha nyanya palepale."

Mzigo ulikuwa vyoo vya kauri, mia mbili na kumi na vinne. Eneida hakuviona. Alipewa karatasi, akaunganisha tela, akashika barabara kuu ya kaskazini. Dakika arobaini baadaye alikuwa kwenye foleni ya malori katika kizuizi cha ukaguzi.

"Afisa akaniuliza, umebeba nini, mama? Nikamwambia, vyoo. Akacheka. Nami nikacheka. Sikucheka tena wiki ile."

Mbwa wa ukaguzi alipita kando ya tela, akarudi, akaketi. Ndani ya makreti tisa ya mwisho, katikati ya vyoo, kulikuwa na kilo sitini na mbili za dawa za kulevya.

Eneida anakumbuka kwamba hakulia. Anakumbuka pia kwamba aliuliza swali la kijinga: nani atalipeleka lori San Antonio?

Kesho yake alifikishwa mbele ya hakimu wa mahakama ya shirikisho akiwa na pingu mikononi na mnyororo miguuni. Alisomewa shtaka, akapewa wakili wa serikali kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kumlipa wa kwake. Kisha mwendesha mashtaka, kijana mstaarabu mwenye sauti ya upole, akasimama na kusema sentensi moja tu: serikali inaomba mshtakiwa abaki ndani hadi kesi iishe. Shauri la dhamana likapangwa kusikilizwa Jumatatu.

Hadi kesi iishe. Katika mahabusu aliyopelekwa, nje ya mji, Eneida alijifunza maana ya maneno hayo. Mwanamke wa kitanda cha juu alikuwa anangoja kesi yake kwa mwezi wa tisa. Alikuwa ameshaacha kuhesabu wiki. Alihesabu sabuni zilizokwisha.

Binti yake wa pekee, Yesenia, anayefanya kazi ya uuguzi Houston, alifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya. Alimpigia simu mtu wa mjini anayeweka dhamana kwa malipo, yule ambaye bango lake liko karibu na kila kituo cha polisi.

"Akaniuliza ni kesi ya kaunti au ya shirikisho," anasimulia Yesenia kwa simu. "Nikamwambia ya shirikisho. Akavuta pumzi. Akasema, pole binti, huko sisi hatuna mlango. Huko si hela yako inayoongea, ni watu wako."

Wakili Hilario Benavides alimweleza Eneida jambo hilohilo Alhamisi, wakiwa wamekaa kwenye chumba cha mahabusu chenye meza iliyochomelewa sakafuni. Yeye ni mtu mnene, mwenye mazoea ya kuvua miwani kila anapotaka kusema habari mbaya. Aliivua.

"Sikiliza, Bi Eneida. Kwa kosa zito la dawa kama hili, sheria inaanza kwa kudhani kwamba unapaswa kukaa ndani. Sisi ndio tunaotakiwa kuonyesha kwamba hutakimbia na hutamdhuru mtu."

"Nikimbilie wapi? Nyumba ya kupanga, lori la tajiri, mtoto Houston."

"Watasema utakimbilia ng'ambo ya mto. Wana rekodi ya daraja. Mwaka uliopita umevuka kwenda Nuevo Laredo mara hamsini na nane."

"Mama yangu yuko huko! Ana miaka themanini na moja! Kila Jumapili nampelekea dawa ya presha!"

"Najua. Na hakimu atajua. Lakini nahitaji mtu." Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Mtu mzima mwenye nyumba yake. Asiye na doa polisi. Anayeshinda nyumbani. Atakayekubali uishi kwake na aape mbele ya hakimu kwamba ukikosea hatua moja, atakuripoti yeye mwenyewe."

Yesenia asingeweza: analala chumba kimoja na wauguzi wengine wawili na anafanya zamu za saa kumi na mbili. Marafiki wa Eneida ni madereva, na dereva hashindi nyumbani.

"Yupo mmoja," Eneida akasema. "Lakini hanipendi."

"Hakupendi kiasi gani?"

"Miaka sita hajanisalimia. Tukikutana kanisani anabadili benchi."

Wakili Benavides akavaa miwani yake tena. "Basi huyo ndiye ninayemtaka," akasema.

Mtu huyo ni Consuelo Villarreal, miaka sabini na sita, ambaye mtaa mzima unamwita Doña Chelo, yaani Bi Chelo kwa Kihispania. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja. Ni mama wa Ramiro, marehemu mume wa Eneida.

Ramiro naye alikuwa dereva wa malori. Alifariki kwa moyo akiwa amekaa kwenye usukani, kwenye kituo cha mafuta, injini inanguruma. Familia ilipokusanyika kwa sala za siku tisa, siku ya tisa Eneida hakuonekana. Ilikuwa ndiyo siku ya kwanza ya chuo cha udereva wa malori, ada imeshalipwa na hairudishwi. Alipofika jioni, Doña Chelo alimpokea mlangoni mbele ya majirani wote.

"Mwanangu hajapoa kaburini, wewe unafukuzana na usukani."

"Usukani huo ndio utakaomlisha mjukuu wako," Eneida akajibu.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maneno yao ya mwisho.

Kwa hiyo Yesenia alipompigia bibi yake Alhamisi ile jioni, alilia kabla hajamaliza kueleza. Doña Chelo alisikiliza hadi mwisho. Hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza: "Hiyo mahakama iko mtaa gani?"

Ijumaa afisa wa mahakama anayewachunguza washtakiwa kabla ya dhamana alifika nyumbani kwake, akaangalia vyumba, akapima mlango wa nyuma, akauliza kama kuna silaha. Ilikuwepo: bunduki ya kuwindia kulungu ya marehemu mumewe, ndani ya kabati, imefungwa kwenye blanketi. Afisa akamwambia kwamba haiwezekani mshtakiwa kuishi nyumba yenye bunduki.

"Nikamwambia, ngoja hapohapo," anakumbuka Doña Chelo. "Nikaibeba hadi kwa shemeji yangu, nyumba ya nne. Mtaa wote wametoka nje. Wanajua nina ugomvi na mkwe, wamesikia kakamatwa, halafu wananiona na bunduki begani! Mama mmoja akaniambia, Chelo, msamehe tu!"

Jumatatu asubuhi alikaa mstari wa mbele mahakamani, amevaa gauni lake jeusi la misa. Eneida alipoingizwa na minyororo yake, macho yao yalikutana kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Doña Chelo alimtazama kutoka kichwani hadi miguuni.

"Amekonda," akamwambia Wakili Benavides, kwa sauti iliyosikika chumba kizima.

Mwendesha mashtaka alitangulia. Akataja kilo sitini na mbili, akataja kifungo kinachoweza kuzidi miaka kumi, akataja daraja. Mshtakiwa, alisema, anaweza kuwa nchi nyingine ndani ya robo saa, na ameonyesha mara hamsini na nane kwamba njia anaijua.

Wakili Benavides akasimama. "Ni kweli, mheshimiwa. Alikwenda mara hamsini na nane. Naomba ikumbukwe kwamba alirudi mara hamsini na nane."

Kisha akamwita Doña Chelo kizimbani. Mwendesha mashtaka alikuwa amejiandaa.

"Mama, ni kweli kwamba wewe na mshtakiwa hamjazungumza kwa miaka sita?"

"Kweli."

"Sasa utamsimamiaje mtu ambaye hamsemezani?"

"Wewe kijana, mnatafuta mtu wa kumhurumia au mtu wa kumchunga?"

Watu wakaguna. Hakimu, mwanamke mwenye mvi fupi, akagonga meza kwa kalamu, lakini wanaomjua wanasema alikuwa anazuia kicheko. Akamgeukia shahidi mwenyewe.

"Doña Consuelo, akitoka nje ya uzio bila ruhusa, utafanya nini?"

"Nitapiga simu kabla hajafika kona."

"Hata kama ni mama wa mjukuu wako?"

"Mheshimiwa, mimi nikiapa nimeapa."

"Na unadhani alijua kilichokuwa ndani ya lile tela?"

Wakili Benavides anasema swali hilo hakuwa amemwandaa shahidi wake kulijibu. Doña Chelo alimtazama hakimu usoni.

"Miaka thelathini na mmoja nimegawa chakula shuleni. Mtoto anayerudi foleni mara ya pili na kujifanya hajala, namjua kwa macho. Huyu hapa ana mdomo mchafu, na siku ya tisa ya mwanangu hakuja. Lakini huyu harudi foleni mara mbili."

Eneida, ambaye hakuwa amelia kwenye kizuizi cha ukaguzi wala rumande, aliinamisha kichwa mezani.

Hakimu alichukua dakika ishirini. Aliporudi alisema kwamba sheria inamtaka aanze kwa kudhani mshtakiwa anapaswa kubaki ndani, na uzito wa mzigo ule haumpi usingizi mzuri. Lakini upande wa utetezi umeonyesha kazi ya miaka sita bila doa, mtoto, mama mzee, na msimamizi ambaye, alisema, mahakama ingependa kuwa na wengi kama yeye. Akampa dhamana ya dola elfu thelathini bila kuweka hata senti, kwa saini ya Eneida na ya Doña Chelo. Ikiwa atakimbia, ndipo wangedaiwa. Akamwamuru akabidhi pasipoti, avae kifaa cha mguuni, asiendeshe lori, na asitoke nje ya uzio wa mama mkwe wake isipokuwa kwenda kwa wakili, kwa daktari, kanisani au mahakamani.

Saa tisa alasiri walimfungua minyororo. Nje, kwenye ngazi za mahakama, Doña Chelo alikuwa anamngoja na tortilla mbili, zile chapati za Kimeksiko, zenye maharage ndani na kufungwa kwenye karatasi ya foili.

"Kula," akasema. "Gari la shemeji linangoja, na maegesho hapa ni ya saa moja tu."

Eneida anasema hajawahi kula kitu kitamu kama zile tortilla, na hatakaa ale.

Siku za kwanza nyumba ilikuwa na amri zaidi ya mazungumzo. Viatu hapa. Taulo hili, si lile. Kifaa cha mguuni kilihitaji kuchajiwa saa mbili kila siku, na soketi pekee yenye nafasi ilikuwa jikoni, karibu na jiko. Kila asubuhi Eneida alikaa kwenye kiti, mguu umeunganishwa na ukuta kwa waya, huku mama mkwe wake akikanda unga mbele yake.

"Kama simu," Doña Chelo alikuwa akisema. "Umefika asilimia ngapi leo?"

Wiki ya pili upepo uliipeperusha shuka kutoka kwenye kamba hadi uani kwa jirani. Eneida alizunguka uzio, akaiokota, akarudi. Hazikupita sekunde thelathini. Alipoingia ndani alimkuta Doña Chelo ameshika simu.

"Ndiyo, afisa. Ametoka. Saa nne na dakika kumi. Sasa amerudi. Ana shuka."

"Mama! Ni shuka! Shuka yako mwenyewe!"

"Niliapa."

"Wanaweza kunirudisha ndani kwa ajili ya shuka!"

"Basi wangekurudisha kwa ukweli, siyo kwa uongo wangu."

Afisa hakumrudisha. Alicheka, akaandika kwenye faili lake kwamba msimamizi anafanya kazi yake kikamilifu, na akashauri wanunue vibanio vingi zaidi vya nguo. Eneida alikasirika siku mbili. Siku ya tatu, anasema, hasira ilimwisha ghafla, akiwa anaosha vyombo.

"Niligundua kwamba mtu huyu, akisema kesho kwamba sikufanya kosa, kila mtu atamwamini. Hata mimi nilianza kujiamini. Kule ndani ukikaa, unaanza kujiuliza labda ulijua, labda uliona kitu ukanyamaza."

Asubuhi moja katikati ya Machi, Eneida akiwa kwenye waya wake, Doña Chelo aliacha kukanda na kuketi upande wa pili wa meza.

"Leo umefungwa, huwezi kunikimbia. Niambie. Ramiro alikupigia simu siku ile?"

Eneida aliutazama waya wa mguuni. Kisha akamwambia. Ramiro alipiga saa tano asubuhi, akasema kifua kinambana. Eneida akamwambia asimame, aite gari la wagonjwa. Yeye akasema ni kiungulia, atasimama kituo kinachofuata. Akasimama kweli. Alifika kituoni, akavuta breki ya mkono, asimgonge mtu.

"Sikuwahi kukwambia kwa sababu nilifikiri ningepaza sauti zaidi angesimama mapema," Eneida alisema.

Doña Chelo alikuwa na unga hadi viwikoni. "Miaka sita nimedhani wewe ndiye uliyemwambia aendelee kwa ajili ya ile safari. Miaka sita, mwanangu."

Ni Eneida anayesimulia hayo. Doña Chelo, akiulizwa, anasema tu kwamba siku hiyo tortilla zilitoka ngumu.

Wakati huo Wakili Benavides hakuwa amelala. Aliomba rekodi za simu za Eneida: simu ya mpanga safari iliingia saa mbili na dakika hamsini asubuhi ya Jumanne, na kabla ya hapo hapakuwa na dalili yoyote kwamba alilijua tela lile. Aliomba picha za kamera za yadi ya ghala. Zilionyesha mtu akilifungua tela Jumapili mchana na kulifunga tena kwa sili mpya. Wapelelezi walimfuata. Alikuwa mfanyakazi wa yadi, na alipokamatwa alikiri mengi, likiwemo moja lililomhusu Eneida: dereva ambaye yeye na wenzake walipatana naye alipata hofu asubuhi ile na kujifanya mgonjwa. Huyo aliyekuja badala yake hawakumjua hata jina.

Simu ilikuja Alhamisi mchana, mwezi Aprili. Eneida alikuwa anakata vitunguu, mikono imelowa. Doña Chelo akaipokea, akamwekea sikioni.

"Bi Eneida," Wakili Benavides akasema, "umekaa au umesimama?"

"Nimeshika kisu."

"Kiweke chini. Wamefuta mashtaka. Yote. Hakimu amesaini saa moja iliyopita."

Eneida alikiweka kisu chini. Kisha akakaa sakafuni, mgongo kwenye jiko. Doña Chelo, bado kashika simu, alimuuliza wakili kama kuna karatasi, na karatasi hiyo ina mhuri. Alipohakikishiwa kwamba mhuri upo, ndipo naye akalia.

Kesho yake walikikata kifaa cha mguuni. Mguu, Eneida anasema, ulikuwa mwepesi kama si wake. Alitembea hadi kona ya mtaa, akasimama pale mbele ya duka la matairi, hakununua kitu, akarudi. Kisha akaenda tena. Majirani waliokuwa barazani walimpigia makofi alipopita mara ya tatu, na mmoja akampigia kelele: "Chelo! Ametoka nje ya uzio! Piga simu!"

Mambo hayakunyooka yote. Kampuni ya zamani ilikuwa imeshampa mtu mwingine lori lake. Alikuwa akipata karibu dola elfu moja na mia moja kwa wiki, na kwa zaidi ya miezi mitatu hakupata kitu; nyumba yake ya kupanga iliondoka. Kampuni mbili zilimkataa baada ya kuona kwenye kompyuta kwamba aliwahi kukamatwa, ingawa karatasi ya kufutiwa mashtaka alikuwa ameitia kwenye bahasha na kuwapelekea. Ya tatu, kampuni ndogo ya malori kumi na moja iitwayo Llano Gris, ilimpa usukani mwezi Juni. Mwenye kampuni alimuuliza swali moja: ana mtu wa kumdhamini?

"Nikamwambia ninaye. Akampigia simu. Sijui walizungumza nini, lakini aliporudi jasho lilikuwa linamtoka, akaniambia anza Jumatatu."

Anaishi bado kwa Doña Chelo. Hakuna aliyemwambia abaki, wala aliyemwambia aondoke. Bunduki ya kulungu haijarudi; shemeji anasema hairudishi hadi mtaa usahau.

Kuna jambo moja tu ambalo Eneida hajalimaliza, na analisema kwa sauti ya chini, injini ikiwa imeshawashwa.

Mama yake ng'ambo ya mto hajui. Dada yake Eneida ndiye aliyekuwa akimnunulia mama dawa ya presha muda wote huo, na walikubaliana kumwambia kwamba Eneida amepata kazi ya safari ndefu California. Kila wiki mama anauliza kwenye simu kama huko kuna baridi. Pasipoti ilirudishwa mwezi Mei. Jumapili zimepita, na kila Jumapili Eneida amepata sababu: lori linahitaji mafuta, mguu unauma, foleni ya darajani ni ndefu.

"Siogopi daraja," anasema. "Naogopa uso wake nikimwambia. Mimi nimeshapumua, sasa nikamkate yeye pumzi?"

Jumapili hii ameamua. Ameomba ruhusa ya Jumamosi pia ili alale vizuri. Watavuka kwa miguu, yeye na Doña Chelo, ambaye hajamwona mama huyo tangu harusi ya Ramiro na Eneida. Doña Chelo ameshasema atakachofanya iwapo Eneida ataanza kumung'unya maneno.

"Asipomwambia yeye, nitamwambia mimi," anasema. "Na nitaanzia mwisho. Nitamwambia: binti yako yuko huru, huyu hapa, mguse. Ndipo tutamweleza kuhusu vyoo."

Eneida anacheka hadi anafuta macho. Anafunga mkanda, anaachia breki, anatazama kioo cha kushoto, kisha cha kulia.

"Nikirudi Jumapili jioni," anasema, "kazi yangu itakuwa kuendesha tu. Hicho tu ndicho ninachokitaka sasa. Niendeshe, nirudi nyumbani, nile."

Lori linatoka getini taratibu, linakunja kushoto, linashika barabara ya kaskazini.